Mwembe haufi mwaka wa ukame: uzi kuhusu joto, kiu na miti yetu, kutoka Ganda hadi Lamu

Mkulima wa Ganda

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote mnaosoma. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo linalonisikitisha kila ninapopita kati ya Ganda, Kakuyuni na Langobaya, huku kwetu Kilifi. Miembe ya ngowe na boribo iliyopandwa na wazee wetu inakatwa na kuuzwa kwa wachoma makaa kwa hoja kwamba imekwisha kufa kwa ukame, ilhali mingi kati yake haijafa. Wakati huohuo, miti iliyoonekana mizima kiangazi chote inakauka baada ya mvua kurudi, na mwenyewe hupigwa na butwaa kwa sababu anaamini kwamba hatari ilikwisha siku mawingu yalipofunguka.

Tukumbuke tulikotoka. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza katika eneo kubwa la Pembe ya Afrika, na kaunti zetu za Kilifi na Lamu zilikuwamo. Mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño na mvua nyingi kupita kiasi. Miti iliyokufa baada ya hapo wengi wameitia katika hesabu ya mafuriko. Kwa mashamba ya mabondeni kando ya mto Sabaki hilo lina ukweli, kwa kuwa mizizi iliyozama kwa muda mrefu hukosa hewa. Lakini miti ya juu kilimani, ambako maji hayakusimama hata siku moja, nayo ilikufa. Hoja yangu ni kwamba ukame huupiga mti leo, lakini matokeo yake huendelea kujitokeza kwa miaka, na anayeupima mti kwa majani ya msimu mmoja hukosea pande zote mbili: huukata ulio hai na kuusahau ulio hoi.

Mti una kiu mbili. Ya kwanza ni ya udongo, nayo tunaijua sote. Ya pili ni ya hewa, na hii ndiyo inayoletwa na joto. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hutoka tena kupitia vitundu vidogo vya jani, na kinachoyavuta ni ukavu wa hewa. Chukua siku ya kaskazi ambayo hewa ina nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75. Hewa hiyo ikipata joto hadi nyuzi 33 bila kuongezewa mvuke wowote, nguvu yake ya kuvuta maji kutoka kwenye jani huongezeka zaidi ya mara mbili, ingawa joto limepanda nyuzi 5 tu. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, mwembe wa Langobaya huteseka mapema kuliko wa Mambrui hata mvua zao zikilingana, kwa kuwa wa Mambrui hupata hewa yenye unyevu kutoka baharini.

Mti ukifika hapo unabaki na njia mbili, na zote zina gharama. Ukifunga vitundu vya majani, unaokoa maji lakini unajinyima chakula, kwa sababu hewa inayotumika kutengeneza sukari huingia kwa vitundu vilevile. Ukiviacha wazi, unaendelea kula, lakini maji ndani ya mirija ya mbao huvutwa kwa nguvu hadi hewa ikapenya na kuukata mkondo wake, kama mrija wa kunywea dafu uliopasuka ubavuni: hata uvute vipi, hupati kitu. Mrija uliokatika hivyo ndani ya mti kwa kawaida haurudi kazini. Mti unaweza kupoteza sehemu kubwa ya mirija yake huku majani yaliyosalia yakiwa bado ya kijani.

Usiku wa joto nao unachangia. Mti hupumua usiku na mchana, na kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 upumuaji wake hukaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo mti ambao mchana haukutengeneza chakula cha kutosha hutumia akiba yake kwa haraka zaidi usiku usiopoa.

Fundi wa Matondoni

Waalaikum salaam, mzee wetu. Nimesoma kwa makini, nami ninataka kuuliza kuhusu mti ninaoutegemea. Sisi Lamu maisha yetu yameshikana na mikoko. Boriti za nyumba, mataruma ya majahazi na kuni za chokaa vyote vimetoka huko. Ninaona sehemu za juu, kule ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mikandaa, ambayo ni aina moja ya mikoko, imepukutika na mingine imesimama mikavu. Wako wanaosema kwamba mti unaosimama ndani ya maji hauwezi kufa kwa ukame, kwa hiyo lazima iwe ni ugonjwa. Je, mkoko unaweza kushikwa na kiu ukiwa umesimama baharini?

Mwalimu wa Barani

Fundi, swali lako nitalirudia, kwa maana lina uzito wake. Kwanza naomba niongeze juu ya alichokieleza mzee kuhusu matokeo kuchelewa, kwa kutumia mti ambao wataalamu wameuchunguza kwa miaka mingi kuliko miti yetu, nao ni mwaloni.

Mwaloni hauoti kwetu. Una spishi zaidi ya 400, karibu zote kaskazini ya ikweta, na barani Afrika huota kwa asili upande wa kaskazini tu, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia. Msitu wa Mamora, karibu na Rabat, ni wa mialoni ambayo gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Ninautaja kwa sababu mbao zake huandika historia kwa njia iliyo wazi. Katika nchi zenye majira ya baridi, aina nyingi za mwaloni hujenga kila mwaka pete mpya yenye mirija mipana, inayofika robo ya milimita, na hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji ya mwaka huo. Upana wa mrija una faida kubwa mno: mrija wenye upana maradufu hupitisha maji mara 16. Lakini mrija mpana pia hukatika kwa urahisi zaidi, kwa baridi kali au kwa ukame.

Sasa tazama linalofuata. Mirija hiyo mipana hujengwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kabla majani hayajakunjuka vizuri, kwa hiyo hujengwa kwa sukari iliyowekwa akiba mwaka uliopita. Kama mwaka uliopita ulikuwa wa ukame na mti ulifunga vitundu vyake, akiba ni ndogo, pete mpya inatoka nyembamba, na mti unaingia mwaka wa mvua nzuri ukiwa na njia chache za kuyapandisha maji hayo. Tafiti zilizolinganisha pete za miti katika misitu mingi duniani zimeonyesha kwamba ukuaji hubaki chini ya kawaida kwa muda wa mwaka mmoja hadi minne baada ya ukame mkali, hata kama mvua imerudi. Ulaya iliyaona haya baada ya kiangazi cha 2018: nchini Ujerumani miti mingi ya jamii nyingine iliendelea kufa katika miaka miwili iliyofuata, na mialoni, kwa jumla, ilistahimili vizuri zaidi.

Mwaloni unastahimili kwa sababu kadhaa. Mzizi wake mkuu hushuka chini sana tangu mche ukiwa mdogo. Jani lake huweza kuendelea na kazi katika ukavu ambao miti mingine ingekuwa imekwisha kufunga vitundu. Aina nyingi hutoa gesi iitwayo isoprini, ambayo husaidia kulilinda jani dhidi ya joto la ghafla. Ile ya kandokando ya Mediterania ina majani madogo, magumu kama ngozi, yanayopoteza maji kidogo. Lakini hata huko mwisho wa mti mara nyingi hauletwi na kiu peke yake. Mwaloni uliodhoofika Uingereza hushambuliwa na mbawakawa wanaotoboa chini ya gome, pamoja na bakteria wanaoozesha sehemu hiyo. Mti wenye afya ungewazuia, ule wenye akiba iliyokwisha hauwezi. Mtu akiupasua hukuta wadudu na husema wadudu ndio waliouua, ilhali wao walifika mwisho kabisa.

Mwembe si mwaloni, na pwani haina baridi kali, kwa hiyo sisemi kwamba mirija yao inafanana. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa akiba, mirija na maadui wanaongojea ni uleule. Mwembe uliochoshwa na ukame hushambuliwa na kuvu wanaokausha matawi kuanzia ncha kurudi nyuma, na utaona gundi ikitoka kwenye shina. Kuvu hao ndio mbawakawa wa kwetu.

Dada wa Mpeketoni

Asanteni sana, mzee na Mwalimu. Mimi nina miembe na minazi huku Mpeketoni, na ninataka kuelewa mambo mawili. Mwembe wangu mmoja ulipukutisha karibu majani yote mwaka 2022, nikakata tamaa, ukachipua tena. Wa jirani haukupukutisha sana, na sasa umekauka upande mzima. Ni kwa nini ulioonekana mbaya ndio uliopona? La pili ni minazi. Mvua zilirudi, majani yakawa mazuri, lakini nazi zilibaki chache na ndogo kwa muda mrefu, na mnunuzi alituambia kwamba hatutii mbolea. Naomba pia mkumbuke kwamba huku kiangazi kikirefuka hata Ziwa Kenyatta hupungua, kwa hiyo msituambie tumwagilie miti kila siku. Maji ya nyumbani yanatangulia.

Mkulima wa Ganda

Dada yangu, umeuliza vema, na sharti uliloliweka kuhusu maji ni la haki kabisa.

Kupukutisha majani si kufa. Mara nyingi ni njia ya mti kupunguza matumizi ili kuokoa shina na mizizi, ambayo ni ghali zaidi kuijenga upya. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, unatufundisha hilo wazi: mrihi unaoota kwenye mchanga mweupe hupukutisha na kutoa majani mapya mekundu, na hakuna anayesema umekufa. Mbuyu hukaa uchi miezi mingi. Mwembe kwa tabia yake haupendi kuvua majani yote, kwa hiyo unapofanya hivyo ujue umebanwa sana, lakini umechagua kuishi. Mwembe wa jirani yako inawezekana ulishikilia majani mengi kuliko mizizi yake ilivyoweza kuyanywesha, mirija ya upande mmoja ikakatika, kisha kuvu wakaingia. Inawezekana pia mizizi ya upande huo iliumia kwa jambo jingine, kama vile udongo kushindiliwa na magari au mtaro kuchimbwa karibu, na ukame ukaumaliza.

Kuhusu minazi, mnunuzi hakuwatendea haki. Tangu karara changa, yaani ala ya maua ya mnazi, ianze kuumbika ndani kabisa ya kilele cha mnazi hadi nazi yake ikomae hupita miezi ipatayo 44, na sisi tunaiona ile miezi 12 ya mwisho tu. Kwa hiyo nazi ya leo ina kumbukumbu ya miaka mitatu na zaidi. Ukame ukiingia karara ikiwa changa mno, huenda maua ya kike yakawa machache. Ukiingia baadaye, vidaka na vitale, yaani nazi changa, huanguka. Ukiingia karibu na kukomaa, nazi inakuwa ndogo yenye nyama nyembamba. Mashamba yaliyokauka 2022 yalikuwa na sababu ya kuzaa vibaya hadi 2025, mbolea iwepo au isiwepo.

Mnazi una udhaifu mwingine ambao mwembe hauna. Hauongezi pete mpya kwenye shina, na kwa kawaida una kilele kimoja tu. Mwembe ukipoteza nusu ya matawi huweza kuchipua kutoka nusu iliyosalia na kujenga mbao mpya. Mnazi mirija yake ni ileile maisha yake yote, na kilele kikifa, mti umekwisha. Kwa hiyo mnazi uliotoka kwenye ukame unahitaji kulindwa kilele dhidi ya chonga, mbawakawa anayetoboa minazi, kuliko wakati mwingine wowote: safisha mashina yaliyooza na marundo ya samadi ambamo chonga huzaana, na kagua makuti yaliyokatwa kwa umbo la pembetatu. Ningewasihi pia wagema waupumzishe mnazi dhaifu, maana utamu unaotoka kwa kugema ni ileile sukari ambayo mti unahitaji kujirudishia.

Sasa maji. Kinachonisikitisha ni kuona ndoo ya maji ikimwagwa kwenye shina la mwembe mkubwa kila jioni. Maji hayo huishia juu, jua la asubuhi huyachukua, na mizizi michanga huja juu kuyafuata, mahali penye joto kali kuliko pote. Ni afadhali maji mengi mara moja kwa wiki mbili au tatu, tena polepole, chini ya ncha za matawi ambako mizizi inayofyonza ipo kwa wingi, kuliko kidogo kila siku. Maji ya kuoshea nafaka, mboga na vyombo visivyo na sabuni nyingi yanafaa. Na kabla hujatafuta maji, tafuta matandazo. Nyasi kavu, makumbi ya nazi na majani ya mwembe wenyewe, kwa kina cha kiganja kimoja, yakitandazwa kuanzia mbali kidogo na shina hadi nje ya kivuli, hupunguza joto la udongo na kuzuia unyevu usitoroke. Yasigusane na gome, kwa kuwa huleta uozo na mchwa. Shina lililokuwa na kivuli na sasa limeachwa wazi lipakwe chokaa upande wa jua la alasiri, maana gome la mwembe huungua kweli.

Mbolea ya chumvichumvi isitiwe katikati ya ukame. Huuhimiza mti kutoa majani mapya ambayo hauna maji ya kuyalisha.

Mwalimu wa Barani

Ninarudi kwa Fundi. Ndiyo, mkoko unaweza kushikwa na kiu ukiwa umesimama baharini, na maelezo yake yamo katika maneno yako mwenyewe kuhusu bamvua. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi kwa lita, na mkoko hulazimika kuvuta maji yake dhidi ya chumvi hiyo kila siku. Pale pwani ya chini, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kuisafisha chumvi. Pale juu, bahari hufika kwa bamvua, kisha zinapita siku za maji mafu ambazo jua linakausha udongo na kuacha chumvi nyuma. Mvua ndiyo inayoiosha. Mvua zikikosekana misimu mitano, chumvi ya udongo huo huzidi ya bahari yenyewe, na kwa mti huo ni ukame mkali, hata unyayo wako ukizama kwenye tope.

Aina hazistahimili sawa. Mchu hutoa chumvi kupitia majani, utaiona iking'aa kwenye jani asubuhi, na mbao zake zimejengwa kwa namna inayozuia hewa isisambae kutoka mrija hadi mrija. Ndiyo sababu hubakia mahali pakavu na penye chumvi kali. Mkandaa nao ni mvumilivu, kwa hiyo ukiona mikandaa inakauka ujue hali imezidi. Mlilana wa mbele baharini hauna budi kupata maji kila siku.

Ushahidi mkubwa zaidi ninaoufahamu unatoka Australia. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, katika Ghuba ya Carpentaria, hekta zipatazo 7,400 za mikoko zilikufa kwa kipindi kifupi katika ufuko wa zaidi ya kilomita 1,000. Ilikuwa wakati wa El Niño kali, ambayo huko, tofauti na kwetu, huja na ukavu: joto lilikuwa juu, mvua zilikuwa chache, na usawa wa bahari ulishuka kwa muda, hata mikoko ikakosa maji yaliyozoea kuifikia. Hakuna aliyeikata. Kwa kuwa Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, jambo hili lingestahili kuzungumzwa katika kila kikao cha msitu wa jamii.

Fundi wa Matondoni

Mwalimu, Mungu akulipe kheri. Hilo la chumvi limenifungua, maana sehemu zilizokauka ndizo zile ambazo tope lake hubaki na ukoko mweupe kiangazi. Swali langu la mwisho: je, tuikate ile iliyosimama mikavu ili tupande upya?

Mwalimu wa Barani

Mikavu kabisa ichukuliwe kwa kibali na kwa kiasi, lakini msipande pale hadi mjue chumvi imepungua. Kupanda miche ya mkoko hasa, yaani ile aina moja inayoitwa kwa jina hilo, kwa sababu mbegu zake ni rahisi kupata, mahali ambapo hata mkandaa umeshindwa, ni kupoteza kazi ya vijana. Angalieni kwanza kama kuna mkondo uliozibwa na mchanga au barabara ya miguu. Mara nyingi kuufungua mkondo ili bamvua iingie na kutoka kunasaidia kuliko miche elfu. Mahali palipobaki na miti mama, mbegu huja zenyewe maji yakipita vizuri. Pakihitajika kupandwa pale juu, anzeni na mchu.

Mkulima wa Ganda

Nami nimalizie kwa wenye miembe, maana nimeulizwa faraghani na watu kadhaa jinsi ya kujua kama mti umekufa. Kwaruza gome la kijitawi kwa kisu, kidogo tu. Chini yake pakiwa kijani au peupe penye unyevu, pana uhai. Pakiwa kahawia na pakavu, rudi nyuma kuelekea tawi kubwa ukwaruze tena, hadi ufike shinani, pande zote nne. Ukikuta uhai popote juu ya kiungo, yaani pale kikonyo cha ngowe kilipopandikizwa kwenye shina la kienyeji, kata sehemu kavu tu mpaka kwenye mbao hai, safisha msumeno kabla ya kuhamia mti mwingine, na usikate tawi hai hata moja msimu huo, kwa kuwa majani yaliyobaki ndiyo jiko lake. Uhai ukiwa chini ya kiungo peke yake, kitakachochipua ni ule mwembe wa kienyeji wa chini, si ngowe yako. Huo unaweza kuubebesha kikonyo kipya. Subiri masika mbili kamili kabla ya kumwita mwenye msumeno wa makaa. Na ule uliobaki na majani mabichi kiangazi chote, ukwaruze vilevile matawi yake ya juu kila mwisho wa kaskazi, kwa miaka mitatu baada ya mvua kurudi.